Viriba vya Migomba

Izigo, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Renatha,

Tumsifu Yesu Kristu. Hapa nyumbani tuko wazima. Wifi yako Dativa anakusalimu; goti linamsumbua akipanda kutoka kisimani, lakini jembe bado analishika kuliko mimi. Mvua imeanza Jumatano, maharage yako ardhini. Kaburi la mama nimelipalilia, na msalaba nimeunyoosha, ulikuwa umeinama.

Naandika kwa mkono kwa sababu unajua masikio yangu. Simu anapokea Dativa kisha ananipigia kelele, na jambo linalopigiwa kelele linafika kwa majirani kabla halijanifikia mimi. Hili sitaki lifike hivyo.

Mimi ndiye niliyezunguka kaya kumi kuwaomba watu wawape ninyi mashina ya migomba. Niliomba kwa jina lako, nikasema dada yangu anafanya kazi katika kiwanda hicho cha Kibeta, Bukoba. Unajua sisi mgomba ukishakatwa tunalipasua shina, tunalitandaza, linaoza, linalisha machipukizi. Baba alifanya hivyo na kibanja, shamba lake la migomba, kikatulea. Sasa kila Jumanne dereva wenu Onesphory anapita na lori anabeba yote, na udongo unabaki uchi.

Jana Ma Evodia, yule mjane wa chini ya barabara, ameniuliza: "Ta Ildefons, shina la mgomba ni maji matupu. Mtu anayebeba maji kwa lori kutoka Izigo mpaka Bukoba anatafuta nini?" Wengine wanasema mnatengeneza dawa inayoyeyusha mimea, na ikimwagika shambani hakuna kitakachoota. Wengine wanasema mnaiba mbegu zetu. Niandikie kwa maneno ninayoweza kumsomea mtu.

Kaka yako,
Ildefons


Kibeta, 12 Machi 2024

Kaka Ildefons,

Milele na milele, amina. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi ni mzima, ila chumba changu kinavuja upande wa kitanda na mwenye nyumba anasema atakuja kesho, kesho ambayo sasa ina majuma matatu. Mpe pole Dativa. Asante kwa kaburi la mama.

Msomee Ma Evodia hivi. Ukitafuna kiazi muda mrefu bila kumeza, mwishowe kinakuwa kitamu. Mate yana kitu kinachokata wanga kuwa sukari. Kitu hicho kinaitwa kimeng'enya. Mtama mnaouotesha kabla ya kuutia kwenye pombe ya rubisi nao una vimeng'enya vyake. Havina uhai, havizai, haviwezi kutambaa mpaka shambani kwa mtu. Vya kwetu kazi yake ni kukata nyuzi za shina la mgomba. Tunakamua yale maji, tunasaga nyuzi, tunazichemsha, kisha tunazitia kwenye pipa la maji ya uvuguvugu pamoja na vimeng'enya. Baada ya siku chache sehemu kubwa ya nyuzi imekuwa sukari. Sukari hiyo tunawalisha bakteria, nao wakishiba wanajiwekea akiba mwilini, kama mtu anavyonenepa. Akiba hiyo tunaitoa. Ndiyo plastiki yetu, na kwa kuwa imetoka kwa bakteria, bakteria wa udongoni wanaila.

Onesphory anakuletea vifuko vya plastiki hiyo, viriba mia na ishirini vya miche ya kahawa, vya kwanza kabisa kutoka mikononi mwetu. Mche unaupanda pamoja na kiriba chake, huchani kitu. Nilizika kumi mwezi wa kumi na mbili. Juma lililopita nimefukua, nimepata vipande laini kama maganda ya kitunguu. Nililia, kaka, usimwambie mtu. Kaya nyingine watapata vyao mwezi ujao.

Lakini nami nina swali. Haya maswali ni ya Ma Evodia kweli? Mkurugenzi wetu, Bwana Kyaruzi, anasema kuna watu wanapita huko kwenu Muleba wakipeleleza tunavyofanya kazi. Kama kuna mtu amekaa barazani kwako akakutuma, niambie jina lake.

Dada yako,
Renatha


Izigo, 14 Julai 2024

Renatha,

Tumsifu Yesu Kristu. Tumevuna kahawa kiasi. Dativa anaendelea. Mbuzi mmoja amekufa kwa kuvimba tumbo.

Uliniuliza jina la mtu aliyenituma. Nimekaa na swali hilo miezi minne, ndiyo sababu hukupata barua. Hakuna aliyenituma. Sasa nakuandikia la pili, na hili nalo hakuna aliyenituma.

Ma Evodia alipanda miche mia na arobaini katikati ya Aprili, katika viriba mlivyoleta mwezi huo. Wengine tisa walipanda pia. Majani yamegeuka manjano kuanzia chini, na mche ukiushika unacheza kama jino bovu. Watu wanasema ni ile dawa yenu ya kuyeyusha, imekula mizizi. Nilikwenda kwa Evodia Jumamosi nikafukua mche mmoja mbele yake. Mizizi haikuliwa. Ilikuwa imezunguka na kuzunguka ndani ya kiriba, imejisokota yenyewe kwa kukosa pa kutokea. Kiriba kilikuwa kizima, hakina hata tundu. Nilikisuuza nikakitazama kwenye mwanga wa jua: kizima.

Nikakata kipande nikakiwashia njiti. Kilidondoka matone yenye moto, kikanuka kama mshumaa. Nilifanya kazi ya kuonja kahawa katika chama cha msingi cha ushirika miaka ishirini na miwili, Renatha. Masikio yamekufa, pua haijafa. Hiyo ni plastiki ya dukani.

Jumuiya yetu ya sala ilisali kwa Evodia Alhamisi. Zamu ilikuwa yetu, lakini wamesema tumpumzishe Dativa kwa ajili ya goti. Habari za miche yangu nitakuandikia siku nyingine.

Nijibu upesi. Nampa Onesphory barua hii.

Ildefons


Kibeta, 2 Septemba 2024

Mpendwa kaka Ildefons,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo na kazi inaendelea vizuri sana. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini.

Kuhusu miche, uongozi umeniomba nikufahamishe kwamba viriba vyetu vyote vimefanyiwa majaribio na matokeo yameandikwa kitabuni. Kasi ya kuoza hutegemea udongo wa mahali. Inawezekana kabisa wakulima hawakumwagilia kama walivyoelekezwa. Tunawasihi wawe na subira.

Msalimie Dativa. Msalimie na mama, mwambie nitakuja kumwona karibuni, na asiache kutumia dawa zake.

Wako,
Renatha


Izigo, 8 Septemba 2024

Renatha,

Nimeisoma barua yako mara nne. Sijamsomea Dativa.

Mama ana miaka sita kaburini. Ulishika kichwa chake alipokata roho, mimi nilishika miguu. Sasa unaniambia nimsalimie, atumie dawa. Mara ya kwanza niliogopa kwamba umepatwa na ugonjwa wa akili. Mara ya pili nilidhani si wewe uliyeandika, lakini mwandiko ni wako, hiyo "k" yako yenye mkia. Mara ya nne nikaitazama bahasha. Imefunguliwa kwa mvuke ikabandikwa tena kwa gundi nyingine, gundi nyeupe ya shule. Ulitaka nijue kwamba kuna mtu amesimama nyuma yako.

Au ndivyo ninavyotaka iwe. Sijui. Inawezekana pia kwamba umejifunza kusema uongo, na mama umemtia humo ili nikuonee huruma.

Barua hii haipandi lori lenu. Anaileta Sista Immakulata wa zahanati, anakuja Bukoba kuchukua dawa, nimemwambia akupe mkononi mwako wewe mwenyewe, na asikupe kama kuna mtu karibu. Atapita tena baada ya majuma mawili kuchukua jibu. Nataka mambo matatu. Barua yangu ya Julai ilisomwa na nani? Viriba vya Aprili vilitoka wapi? Na wewe ulijua lini?

Ildefons


Kibeta, 21 Septemba 2024

Kaka,

Nilikuwa napiga pasi Sista alipogonga. Nimeunguza gauni la kanisani, nimelitupa. Ni mzima, akili ninayo. Nisamehe kumtaja mama vile. Nilitafuta neno ambalo mtu mwingine angelisoma akalipita, na wewe usingeweza kulipita. Sikupata jingine.

Barua yako ya Julai niliikuta juu ya meza ya Bwana Kyaruzi, mwezi mzima baada ya wewe kuiandika. Kumbe Onesphory humpelekea kila karatasi inayopanda lori. Sijui alianza lini, labda tangu Machi, na yale maneno ya wapelelezi yalitoka humo. Nami nikakuuliza jina. Kyaruzi alinipa kalamu, akakaa kwenye kiti mbele yangu nikiandika jibu, na bahasha naona aliifungua tena nilipotoka. Hakunitisha. Aliniletea chai.

Viriba vya Aprili. Katikati ya Machi dhoruba iliangusha nguzo na tukakosa umeme siku tisa. Vimeng'enya vinatunzwa kwenye friji. Siku ya kumi nilivijaribu: nilitia nyuzi kwenye maji, nikatia vimeng'enya, nikangoja siku tano, nyuzi zikabaki nyuzi. Vilikuwa vimeharibika vyote. Vingine vilikuwa vya kuagizwa nje, miezi mitatu kungoja, na viriba elfu mbili vilikuwa vimeahidiwa kabla ya mvua kwisha. Asubuhi moja nikakuta rola mbili za plastiki stoo, zimetiwa rangi ya kahawia. Nikazinusa. Mimi pia nina pua ya nyumba yetu.

Nilimuuliza Bwana Kyaruzi. Alisema, "Ni kwa msimu huu tu, Renatha. Watu wanataka kiriba. Hakuna mtu anayefukua."

Kitabu cha majaribio nakiandika mimi. Kila toleo la viriba lazima lizikwe, lifukuliwe, lipimwe. Ukurasa wa kumi na nne niliandika kwamba vimezikwa na vinaoza vizuri. Sikuzika hata kimoja. Nilinakili namba za vile vya kwanza, nikibadilisha kidogo hapa na pale zisifanane. Umeuliza nilijua lini. Tarehe nane Aprili, kabla lori halijaondoka kuja kwenu. Ningeweza kukupigia hiyo simu anayopokea Dativa. Sikupiga. Nilijiambia vimeng'enya vipya vitafika, na viriba vya kweli vitafuata, na kosa la msimu mmoja litafunikwa navyo. Mashina yenu tuliendelea kuyachukua ili pasiwe na maswali. Yanaoza nyuma ya karakana, rundo limefika dirishani kwangu.

Na wewe kuna jambo hujaniandikia. Miche yako uliahidi habari zake, kisha kimya. Na jumuiya imeruka zamu yenu kwa sababu ya goti. Goti la Dativa lini limewahi kuwazuia watu kukaa kwake na kusali? Kuna nini huko?

Renatha


Izigo, 6 Oktoba 2024

Renatha,

Nimesoma. Nilikwenda kibanjani nikakaa, nikarudi, ndipo naandika.

Umeuliza. Miche yangu mia na ishirini ni ya kijani. Imenifika magotini. Viriba nimevitafuta ardhini sivioni, vimeliwa, kama ulivyosema. Kwa hiyo kaya kumi zina miche ya manjano, na kaya moja ina miche ya kijani, na kaya hiyo ni ya kaka yake Renatha. Unafikiri watu wanasema nini? Wanasema nilichagua vizuri vya kwangu nikawagawia wao takataka. Wanasema nilijua. Nikikana, masikio haya hayasikii wanachonijibu. Naona midomo tu na migongo. Jumuiya haijakanyaga kwetu tangu Juni. Kwenye msiba wa mzee mmoja huko juu nilikaribishwa kiti peke yangu. Dativa akienda kisimani, wanaokuwa wanaongea wananyamaza.

Sikukuandikia kwa sababu nilikushuku. Nilifikiri ulinipa vizuri kwa makusudi kwa kuwa mimi ni ndugu, na kama ni hivyo basi nami nimo katika uongo huo, na sikutaka uniandikie ndiyo. Sasa naona hukuchagua. Ni zamu tu ya lori. Hilo nashukuru. Lingine lote sijui nikwambie nini.

Hukunidanganya mimi peke yangu. Mimi niliweka jina langu rehani kwa watu kumi. Wewe ndiye uliyelitumia.

Sikutumi kufanya jambo. Wewe si mtoto. Lakini usiniletee tena barua ya kueleza. Ukiandika, andika ulichokwisha kufanya.

Ildefons


Kibeta, 17 Novemba 2024

Kaka Ildefons,

Sisalimii sana, nitasalimia nikifika.

Nimefanya hivi. Alhamisi ya tarehe saba kiwandani walikuja wageni: maafisa kilimo wa mkoa na wenye vitalu vya miche kutoka wilaya tatu, kuja kuagiza viriba vya mwaka ujao. Mimi ndiye niliyepangwa kusoma matokeo. Nilileta beseni mbili za udongo nikaziweka mezani. Katika ya kwanza nilikuwa nimezika viriba vya kwanza, katika ya pili vile vya rola, vyote tangu nilipopata barua yako ya Septemba. Majuma saba si mengi, lakini yalitosha. Niliwaambia watie mikono yao wenyewe. Mwenye kitalu mmoja alitoa kiriba cha beseni ya kwanza kikakatika vidoleni. Cha pili alikivuta kwa mikono miwili, hakikukatika.

Nikasema: "Kuanzia ukurasa wa kumi na nne nimeandika uongo. Viriba vilivyokwenda Muleba ni plastiki ya kawaida."

Afisa mmoja akauliza nani aliniambia niandike. Nilimwona Bwana Kyaruzi akinitazama. Ningeweza kumnyooshea kidole. Nikasema aulizwe mwenyewe habari za rola, lakini mkono ulioandika ni wangu. Kyaruzi hakufoka. Alikaa juu ya kreti, akaniambia baadaye kwamba kama ningengoja mpaka Januari vimeng'enya vilivyochelewa vingefika na hakuna ambaye angeumia. Nilimwambia Evodia amekwisha kuumia. Akauliza Evodia ni nani.

Mimi sina kazi tena. Yeye anahojiwa na lango limefungwa. Kitabu kimechukuliwa, na nimekisaini upya, pale pale juu ya uongo wangu.

Afisa mmoja ameniambia mche uliosokota mizizi unaweza kupona kama kiriba kitachanwa sasa, mvua ikiwepo, na mizizi iliyojikunja ikatwe. Ninakuja Ijumaa na nyembe pakiti kumi na mbili. Usiniandalie kitu. Usiwaombe watu wanipokee. Nitaanza kwa Ma Evodia, na akinifukuza nitasimama barabarani.

Renatha


Izigo, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Renatha,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua yako ya Krismasi nimeipata, na ile picha ya maabara ya shule. Nimefurahi kwamba pale shule ya Nyanga wamekupa vipindi vya kemia, na kwamba mkuu wa shule amekuachia kona ya maabara siku za Jumamosi pamoja na friji, uanze upya. Dativa anauliza kama mwalimu wako wa zamani aliyekutumia hiyo chupa ya vimeng'enya ana mke. Mimi siulizi.

Nataka nikupe habari za huku kama zilivyo, bila sukari.

Zile siku nne ulizopiga magoti katika vibanja vya watu zimezungumzwa sana. Kuna wanaosema ulikuja kwa kuogopa kushtakiwa. Kuna wanaosema mimi nilikuita ili tuoshe jina letu. Kaya mbili bado hazinisalimii, na moja imeng'oa miche yote ikapanda mihogo. Katika mia na arobaini ya Evodia, iliyoshika ni sitini na tatu. Mingine ilikuwa imechelewa. Alihesabu mbele yangu, mche kwa mche, akinionyesha kwa vidole kwa sababu ya masikio, asije akasingiziwa amezidisha.

Unakumbuka hakusema nawe neno siku ile ya kwanza, wala ya pili. Ulichana, yeye akashikilia mche, mkamaliza mstari mmoja mkaanza mwingine kama watu wawili wasiofahamiana. Uliniandikia kwamba hilo lilikuumiza kuliko kama angekutukana. Mimi nilimwona ulipoondoka. Aliokota viriba vyote ulivyochana akavitia kwenye gunia, akalipeleka nyumbani. Mpaka leo sijui ni kwa nini.

Jumuiya imesali kwetu Alhamisi iliyopita. Walikuja saba, si wote. Evodia alikuwa mmoja wao. Baada ya sala aliniomba karatasi, kwa kuwa kunipigia kelele mbele ya watu hataki, akaniandikia maswali yake mwenyewe, nami nikamjibu kwa mdomo. Kwanza aliuliza kama vile viriba vyangu vilivyoliwa na udongo vilikuwa vya migomba kweli. Nikasema ndiyo, nimetafuta sivioni. Akaandika kwamba huenda nimeviondoa mwenyewe. Nikamwambia aje afukue anapotaka. Akaja Ijumaa na jembe, akafukua mahali panne alipochagua yeye. Hakukuta kitu isipokuwa mizizi. Akapangusa jembe.

Kisha akaniandikia la mwisho, na karatasi nimeitia ndani ya bahasha hii uisome mwenyewe. Anasema hatoi tena mashina kwa lori la mtu yeyote, na usimwombe. Mashina yake yanabaki kibanjani. Ila atatoa moja. Atalikata mwenyewe, atalileta mwenyewe, na atasimama hapo ulipo tangu linakamuliwa mpaka liwe hicho unachosema linakuwa, akione kwa macho yake kila hatua. Nilimwambia kazi hiyo ni ya majuma mengi, na wewe uko huru Jumamosi tu. Akasema ana dada yake hapo Nyanga, atalala huko Jumamosi zote zinazohitajika.

Waitu, nakusihi, usimwambie asante. Ataona unamlainisha. Anakuja Jumamosi ijayo na basi la asubuhi. Tafuta kiti, na ukiweke karibu kabisa na pipa, maana macho yake hayaoni mbali, na asipoona vizuri atasema umemficha.

Kaka yako,
Ildefons